Kamba Aliyoikata Mama Mkwe

Kazi yangu ilikuwa kusukuma mawe mpaka yateleze. Watu wa nyumbani waliponiuliza nafanya nini pale Bariadi, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya uwanja wa matingatinga, niliwajibu hivyo, wakacheka. Nimesoma mpaka darasa la saba. Mengine niliyapata kwa kusikiliza wenye elimu wakiongea, na kwa kuandika jioni kwenye madaftari yangu, ambayo mpaka leo sijui kama yana maana kwa mtu mwingine.

Kibandani palikuwa na kisanduku cha chuma kilichogawanyika katikati, nusu ya chini na nusu ya juu. Tulichukua jiwe lenye ufa wake wa asili, tukalipanga ndani ili ufa ukae pale pale kisanduku kilipogawanyika. Juu yake tukatundika vyuma vya uzito. Kisha tukaisukuma nusu ya juu polepole kwa mpini wa kuzungusha, macho kwenye saa ya kupimia, mpaka jiwe likubali kuteleza. Uzito tuliotundika tunauandika, nguvu iliyohitajika tunaiandika, na namba hizo mbili zinakuwa nukta moja kwenye karatasi ya grafu. Tunaongeza vyuma, tunasukuma tena, nukta ya pili. Mpaka zinatimia nane.

Sasa nukta hizo hazikai kwenye mstari ulionyooka. Ndani ya ufa mna meno. Ukiweka uzito mdogo, meno ya juu yanapanda juu ya meno ya chini, na kila chuma unachoongeza kinaleta ubishi mwingi. Ukiweka uzito mkubwa, meno yanavunjika, na chuma kile kile kinaleta ubishi kidogo. Kwa hiyo nukta zinapanda kwa haraka mwanzoni, halafu zinaanza kulala. Ukiziunganisha unapata upinde.

Lakini hesabu za injinia hazikutaka upinde. Zilitaka namba mbili tu: moja ya mwinamo wa mstari, na nyingine ya pale mstari unapogonga ukingo wa kushoto wa karatasi. Hiyo ya pili sisi tuliiita gundi, maana ilisema jiwe linajishikilia kiasi gani hata kama halijabebeshwa kitu chochote. Basi lazima mtu aweke rula juu ya upinde na kuchora mstari, akijua kwamba anadanganya, ila achague tu adanganye sehemu gani. Mtu huyo hakuwa mimi. Alikuwa shemeji yangu.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, mzaliwa wa Ipililo, upande wa Maswa. Alikuwa na kidato cha nne na cheti cha ufundi, na aliyemwombea kazi ile ni mimi mwenyewe. Nilikwenda kwa injinia na kofia mkononi nikasema nina kijana wa kwetu, anajua hesabu. Kwa haki yake niseme hakuwahi kunidharau. Aliniamkia kila asubuhi, "Mwangaluka, shemeji," akisubiri niitikie ndipo aketi. Angekuwa na majivuno ningepumzika. Ningekuwa na kitu cha kumchukia nacho.

Badala yake nilihesabu vitu vidogo. Injinia akija alivuta kigoda akakaa karibu na shemeji, mimi akaniuliza kama maji ya kuoshea mawe yapo. Shemeji alikuwa na rula ya plastiki inayopitisha mwanga, alitembea nayo mfukoni mwa shati, na kona yake ilimchungulia kila mtu. Mimi kwa miaka kumi niliyokaa na kisanduku kile sikuwahi kupewa hata penseli isiyotafunwa. Nyumbani napo, akija kula, mke wangu alimwekea michembe ya viazi kwanza, karanga nyingi juu yake, kisha akageuka kwangu kama mtu aliyekumbuka kuna mgeni. Nilimwambia hivyo siku moja.

"Wewe unaona wivu kwa mtoto wa mama yangu?" akaniuliza.

"Naona karanga tu."

"Basi zihesabu, nikuletee na karatasi ya grafu."

Hiyo ilikuwa miaka ile pamba ilipoanza kununuliwa na watu binafsi, kila mmoja na mzani wake chini ya turubai lake. Mambo mengi ya serikali yalikuwa yanapata wamiliki wapya. Alasiri moja injinia akatuita wote wawili, akabaki amesimama mlangoni, nikajua habari si ya maji ya kuoshea mawe.

"Shirika letu linakabidhiwa kampuni ya mtu," akasema. "Anayekuja ataendelea na barabara, na maabara ataiacha ifanye kazi. Ila anataka mtu mmoja humu, siyo wawili. Mimi ndiye nitakayemwandikia jina."

Shemeji alikuwa ameoa msimu uliopita. Mimi nilikuwa na watoto wanne na nyumba ambayo ukuta wake mmoja ulikuwa bado wa miti mitupu. Kila mmoja wetu alijua jina litakaloandikwa. Injinia naye alijua, maana aliangalia miguu yangu.

Kazi ya mwisho kabla ya makabidhiano ilikuwa mkato wa barabara kwenye kilima cha mawe, ukienda Maswa. Kilima chenyewe si kirefu. Mkato ulikuwa wa mita saba tu, lakini chini yake wangepita watu na ng'ombe, na injinia alitaka kujua kuta zake zisimame wima kiasi gani. Tukasukuma mawe wiki nzima. Nukta nane zikakaa kwenye karatasi, upinde mzuri kabisa, na shemeji akatoa rula yake.

Alichora kwa uangalifu. Nilimwona akiipandisha rula na kuishusha, akitafuta mstari utakaopita katikati ya nukta zote nane, nyingine juu, nyingine chini, haki kwa kila moja. Akachora. Ule mstari ulikwenda kugonga ukingo wa kushoto juu sana, na nukta mbili za kwanza, zile za uzito mdogo, zikabaki zinaning'inia chini yake.

Mimi mikono yangu ilijua jambo moja ambalo karatasi haikulijua. Jiwe lile, kabla ya kutundika chuma chochote, ukiinua kipande cha juu kinakuja bila kubishana. Hakuna gundi pale. Na mstari ulikuwa unasema gundi ipo tele. Sikujua kulieleza hilo kwa maneno ya kitaalamu, lakini niliona kuna kitu hakijakaa sawa, na zile nukta mbili niliziona wazi kama ndama waliofungiwa nje.

Shemeji akanigeukia. Hili nalikumbuka vizuri kuliko yote.

"Shemeji, unaonaje?"

"Mimi darasa la saba," nikamjibu, "nitaona nini."

Akacheka kidogo, akidhani ni utani wa mashemeji. Injinia akaja, akatazama, akaweka alama yake ya kukubali pembeni, akaondoka. Mimi nikaosha kisanduku, na moyoni nilikuwa na furaha ya aina ambayo sijaipata tena wala siitaki. Alikuwa amekosea, na hakuna aliyejua ila mimi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote Ipililo kumsaidia mama mkwe kupanda pamba, kwa sababu mvua ilikuwa imeshika. Shamba lake liko kwenye mteremko, na lina tumbo: katikati limejitokeza nje, halafu linarudi ndani. Matuta lazima yafuate kimo kimoja kuzunguka tumbo hilo ili yakinge maji. Bwana shamba aliwahi kuwafundisha kupima kwa kamba na vigingi, na mama mkwe alishika mafundisho hayo kuliko bwana shamba mwenyewe.

Kwetu mkwe hashiki kamba moja na mama mkwe wake. Hata kupita karibu yake unapita kwa adabu, umeinama kidogo, umetazama kando. Kwa hiyo wao wawili, mama na mwanawe, walishika kamba, na mimi nikapewa jembe upande wa mbali wa shamba, ambako nilisikia vizuri pale tu mtu alipopaza sauti.

Shemeji alitaka tumalize mapema. Akaivuta kamba ndefu ya katani kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi wa pili, ikanyooka, ikalia kama uzi wa zeze. Mama mkwe akasimama, mkono kiunoni, na wote wawili wakapaza sauti.

"Hii kamba inakwenda wapi?"

"Inanyooka, mama."

"Imenyooka yenyewe. Shamba halijanyooka. Umeliruka tumbo lote. Maji yakija yatapita hapa na mbegu zangu mpaka kwa jirani, halafu pamba ikichanua aje aniamkie mwangaluka akiwa amesimama kwenye pamba yangu."

Akaenda alipoacha panga. Akarudi, akaikata kamba. Alichukua kipande kifupi, hatua kama sita, akakipigia kigingi huku na huku, akakihamisha, akapiga tena. Kila kipande kilinyooka, na bado vipande vyote vilizunguka tumbo la shamba bila kuliruka. Kisha wakacheka, mama na mwanawe. Sikumbuki walichokicheka.

Nilisimama pale na jembe langu. Kamba ndefu ilikuwa mstari wa shemeji. Tumbo la shamba lilikuwa upinde wetu. Na mkato wa mita saba haukuhitaji shamba zima. Juu ya mkato mfupi namna hiyo uzito wa jiwe ni mdogo, kwa hiyo sisi tulikuwa tunaishi kona ya kushoto ya karatasi, na kona ya kushoto pekee. Ilitakiwa kamba fupi, pale tu tunapopanda.

Hivyo ndivyo nilivyosimulia kisa hiki kwa miaka zaidi ya ishirini. Niliona mimi, nimesimama na jembe.

Jumatatu nilirudi Bariadi peke yangu na lori lililokuwa limeleta mbegu. Shemeji alibaki kummalizia mama yake, akaomba nimwambie injinia kwamba atafika Jumatano. Nilimwambia injinia hilo. Halafu nikaiweka karatasi mbele yake na nikafunika nukta za kulia kwa kiganja, zikabaki tatu za kushoto.

"Ukiziba hizi, bwana injinia, mstari utalala vipi?"

Akanitazama. Akatazama karatasi. Akachukua rula ya mbao ya ofisi akaipanga juu ya zile tatu. Mstari mpya ulisimama zaidi, lakini ulishuka kushoto karibu na sifuri, na gundi yote iliyokuwa imeandikwa mwanzo ikawa karibu hakuna.

"Kumbe hapa tungesimamisha ukuta wima kwa nguvu ambayo haipo," akasema. Halafu akagonga ule mstari wa kwanza kwa kidole. "Huu ni kama mjumbe wa nyumba kumi. Anataka kila nyumba imsifu. Nyumba hizi mbili za kushoto ndizo tunazolala sisi, na ndizo alizozionea."

Kwa haki niseme pia kwamba yeye mwenyewe aliukubali mstari ule na kuuwekea alama, na hakulikwepa hilo. Na mstari wa kwanza haukuwa upumbavu. Kwa kilima kirefu, ambako jiwe limebeba uzito mkubwa, kamba hiyo ya shemeji ingefaa kuliko yangu. Hata huo mstari wangu mfupi ni uongo. Ni uongo wa karibu tu.

"Umeliona wewe?" injinia akaniuliza.

"Nimeliona shambani, mama mkwe akipima matuta."

"Na mwenzako?"

"Yuko Ipililo. Anapanda."

Kila neno nililotamka lilikuwa la kweli.

Shemeji alifika Jumatano, matope ya Ipililo bado yako kwenye viatu. Aliikuta karatasi mezani na mistari miwili juu yake, na pembeni ya ule wa pili injinia alikuwa ameandika herufi za jina langu. Akaitazama kwa muda. Rula ya plastiki ilikuwa mkononi, sijui aliitoa saa ngapi. Akairudisha mfukoni.

"Umekaa vizuri," akasema.

Nilipokea hilo kama sifa. Mkato ulichongwa kwa mteremko wa kulala zaidi, na kuta zake nimezipita mara nyingi zikiwa salama. Jina lililoandikwa kwa mwenye kampuni lilikuwa langu. Shemeji akarudi Ipililo na cheti chake.

Mke wangu hakunigombeza. Alikuwa akiweka chakula mezani na kuondoka, karibu mwezi mzima, na karanga zote sasa zilikuwa kwangu.

Mtu angefikiri wivu uliishia hapo. Haukuisha. Shemeji alianza na jembe, akapata maksai wawili, kisha mkokoteni. Watu walimwita awapimie matuta, halafu misingi ya nyumba, mpaka huko Binza mjini Maswa walimtuma mtu kumfuata. Nikienda ukweni nilikuta watu wamekaa wakimsubiri. Mimi nilikuwa na kazi ya ofisi, na nilirudi kwangu nikihesabu maksai wake njiani. Kampuni nayo baadaye iliondoka, kisanduku kikauzwa pamoja na vyuma chakavu, nami nikabaki na kisa changu cha kamba, ambacho nilikisimulia kila palipokuwa na wasikilizaji, hata mbele ya shemeji mwenyewe. Alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, ndiyo, mama aliikata."

Mama mkwe alipofariki, mke wangu aliniomba niandike maneno machache ya kusomwa siku ya kumaliza msiba, maana mimi ndiye ninayejulikana kwa madaftari. Nikaamua kuandika habari ya kamba. Nilitaka niikumbuke sawasawa, ilikuwa mwezi gani, alipanda ekari ngapi, kwa hiyo nikalitafuta daftari la mwaka ule. Panya walikuwa wamekula kona, lakini siku ile ilikuwepo. Niliandika mistari sita tu, kwa penseli, nikiwa nimechoka na jembe. Wa nne ulisema hivi:

Mama kakata kamba. Shemeji kacheka akapaza sauti kwangu, kasema mama kaikata rula yangu ya juzi.

Niliusoma nikiwa nimesimama. Nikakaa, nikausoma tena. Mwandiko ni wangu. Nilitafuta njia ya kuuelewa vingine na sikuipata. Alikuwa ameona kabla yangu, akanipigia kelele kutoka upande wa pili wa shamba, nami nikasikia, nikaandika, halafu nikasimama na jembe langu nikaanza kuona mwenyewe. Sijui kama niliiba nikijua. Nimejichunguza. Naweza kuapa kwamba nilisahau, lakini siwezi kuapa kwamba sikupenda kusahau.

Sikuyaandika yale maneno ya msiba. Nililichukua daftari nikaenda nalo Ipililo. Siku ya pili baada ya msiba kumalizwa, watu wamepungua, nilimkuta shemeji ameketi pembeni ya zizi akirekebisha nira.

"Mwadila, shemeji," nikamwamkia.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," nikasema, ingawa haikuwa shwari, na nikampa daftari likiwa limefunguliwa. Aliliweka mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wetu. Akasoma. Akanirudishia.

"Mwandiko wako mbaya tangu zamani."

"Soma mstari wa nne."

"Nimeusoma."

"Ulikuwa unajua?"

"Kwani nilisema mimi, nisijue?" Akaichukua nira yake tena. "Jumatano ile nilikuja nikiwa nimeshausahihisha ule mstari kichwani njia nzima. Nikakuta umeshachorwa."

"Mbona hukumwambia injinia?"

"Ningemwambia nini? Kwamba shemeji yangu kaniibia kamba?" Alicheka kidogo, kama alivyocheka kibandani. "Ulikuwa na watoto wanne, na mama yao ni dada yangu. Ningekutoa pale, wangehamia wapi? Wangehamia hapa hapa kwangu. Nilipiga hesabu nikaona bora mle huko."

"Siku ulipochora, uliniuliza naonaje," nikasema. "Niliona. Zile nukta mbili niliziona."

Hapo aliinua macho. Nadhani hilo hakulijua. Akasogea kwenye gogo alilokalia, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.

"Basi shika upande huu wa nira," akasema. "Vuta. Usivute sana."

Nikashika. Tulinyamaza wote wawili siku zile za kisanduku, yeye kwa sababu yake na mimi kwa yangu, na sasa nilikuwa nimeziona sababu zote mbili zimelala upande kwa upande. Ningependa kuandika kwamba nilijisikia mwepesi. Nilivuta kamba ya nira, na hata hapo nilimwonea wivu kwa namna alivyonyamaza miaka yote hiyo.